Mwamba Usioitika

Ngojeni kwanza, msiinuke. Mkeka hauumi, na huko nyumbani sufuria bado hazijaepuliwa, nawajua. Nina maneno ya robo saa, na nikizidisha mzee wetu wa safu ya mbele anikoholee, maana ndiyo kazi yake humu msikitini. Akina mama huko nyuma ya pazia, mnanisikia? Haya, Mungu awazidishie. Kusikia ni neema, na leo nataka tuizungumze neema hiyo kidogo.

Nawapa mfano. Na mfano ni mfano. Msinifuate kesho sokoni mkaniuliza, shehe, kilima kile kiko mkoa gani, maana nimekitunga mwenyewe hapo nje nikitia udhu.

Palikuwa na kilima kimoja, ndani kabisa ya nchi, mahali ambapo bahari watu huisikia redioni tu. Kutoka hapo mpaka pwani ni siku mbili kwa basi, na hapo basi lenyewe liwe zima. Kilima kile kilikuwa cha mawe ya bapa, tabaka limelalia tabaka, kama chapati ndani ya hotipoti. Ukiingiza tindo kwenye ufa ukagonga kwa utaratibu, jiwe linafunuka, unapata bamba zuri la kutandika sakafu. Nyumba zote za pale, za matajiri na za maskini, sakafu zake zilikuwa za mabamba yale. Babu alipasua mawe, baba akapasua, mwana akapasua.

Jamani, siku zile! Watu wakishasali alfajiri, kabla jua halijashika, kilima kinaanza kuimba. Ngo, ngo, ngo. Mtu yuko kijijini anakunywa uji wake, anakwambia, huyo ni fulani, mkono wake mzito. Na huyo anayegonga kwa hasira ni fulani, leo ameamka vibaya na mkewe. Kila nyundo ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alijulikana. Nyundo moja ikikosekana asubuhi, watu wanakwenda kumtazama mtu kama anaumwa. Siku hizi jirani anaweza kuumwa wiki nzima tukajua siku ya kuchimba kaburi. Lakini tuyaache hayo, nisije nikaanza kulia kabla ya mfano wenyewe.

Wapasuaji wale walikuwa na desturi moja. Mpasuaji hapigi jiwe hivi hivi tu. Anaigeuza nyundo, anagonga kwa mpini, mara tatu, na huku anasema: "Hodi. Hodi. Hodi, wenyewe." Kisha anainamisha sikio. Jiwe likilia sauti nyembamba ndefu, wanasema limeitika, limesema karibu, na kazi inaanza. Lakini likitoa sauti iliyokufa, kama mtu anapiga gunia la pumba, wanasema, "Hawajaitika." Basi. Mtu anakusanya vyombo vyake anakwenda kujaribu kwingine, wala hanuni. Si ndivyo tulivyofundishwa na sisi milangoni mwa watu? Hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi kwa wema.

Sasa kule juu kabisa ya kilima palikuwa na mwamba mmoja mpana, ukubwa wa uwanja wetu huu hapa nje, ambao tangu dunia iumbwe haujapata kuitika. Mababu waligonga, haukuitika. Mababa wakagonga, haukuitika. Pakaitwa hivyo hivyo, Pasipoitika. Hakuna aliyetia tindo pale.

Katika wapasuaji wale alikuwapo mzee mmoja, tumwite Mzee Kondo, fundi wa mafundi. Na alikuwa na mwana mmoja tu, Mrisho. Mrisho huyu ndiye mtu wetu, mkamateni vizuri msimwachie.

Mrisho alifundishwa kazi na baba yake. Siku ya kwanza kabisa alipopanda kilimani kama fundi, baba yake alimshika kisogo, akamlaza sikio juu ya jiwe la baridi, akamwambia, "Usisikilize kwa pupa. Jiwe halina haraka na wewe." Mchana walikula muhogo wa kuchoma, na chumvi, na pilipili mbili, wameutandika juu ya bamba. Baba mtu alimsogezea mwanawe kipande kikubwa, akasema, "Kula wewe, mimi jino linanisumbua." Jino halikuwa linamsumbua. Kila siku jino, kila siku jino, na Mrisho alikuja kuielewa dawa ya jino lile alipopata mtoto wake mwenyewe. Mmewahi kupendwa hivyo? Basi mnajua ninachosema.

Wakakaa miaka, nyundo mbili sambamba. Watu walisema ukizisikia kwa mbali huwezi kuzitenganisha ya baba na ya mwana.

Ikafika siku mawe mazuri ya chini yakaanza kupungua. Mafundi wakakaa, wakanong'ona. Mrisho akasema, "Tupande Pasipoitika. Kuna mabamba pale ya kutandika mji mzima." Wakapanda wote, na mzee akapanda nao, taratibu, mkono kiunoni. Akageuza nyundo yake. Hodi. Hodi. Hodi, wenyewe. Akainama, akasikiliza muda mrefu sana, maana hata wakati ule sikio lake la kulia lilikuwa limeshachoka. Mpasua mawe yeyote ukimwita mara moja hageuki. Akainuka.

"Hawajaitika," akasema. "Tushuke."

Na hapo, ndugu zangu, mbele ya wanaume kumi na moja, Mrisho akafungua kinywa. "Hawajaitika akina nani, baba? Humo hamna mtu! Ni jiwe! Umezeeka, na sasa unataka kutuzeesha na sisi."

Subhanallah. Ulimi hauna mfupa, lakini mifupa mingapi umeivunja? Na hakuishia hapo. Kiburi kikishapanda hakishuki kwa ngazi. Alichukua nyundo kubwa, ile ya kupigia kwa mikono miwili, akaupiga ule mwamba bila hodi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Jiwe halikufunuka. Lilivunjika vipandevipande, na katikati ya vipande likatoka vumbi la kijivu, laini kama unga, likawapaka wote nyuso. Bamba zima hata moja halikupatikana.

Mzee Kondo akapangusa uso wake kwa kiganja. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Akaokota tindo zake moja moja, akasema, "Umevunja mlango wa watu," akashuka. Tangu siku ile hakupanda tena kilimani, na asubuhi iliyofuata, katika zile nyundo mbili sambamba ikasikika moja.

Mrisho alijuta lini? Siku ileile! Kabla hajafika chini alikuwa ameshajuta. Lakini kujuta na kusema nimejuta ni vitu viwili, na katikati yake kuna mlima ambao hata mafundi wale wasingeupasua. Badala ya kumfuata baba yake, alihamisha familia yake upande wa pili wa kilima, akasema huko ndiko karibu na kazi. Uongo. Alikuwa akikimbia uso wenye vumbi. Na mtu yeyote akimtajia baba yake, anamkata: "Eti mvua za mwaka huu mnazionaje?" Watu wakaelewa, wakaacha kumtajia. Tena wakaacha kabisa, kwa heshima.

Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nisamehe, baba. Alikuwa nayo mdomoni, anakula nayo, anasujudu nayo.

Mwaka wa pili, siku ya Idi, akasema, leo naenda. Akavaa kanzu, akachukua na sahani ya tambi. Watu wote wamekwenda uwanjani kwenye sherehe, njia nyeupe. Akafika mlangoni kwa baba yake. Mlango umerudishwa. Kizingitini, zile ndara za mzee, za matairi ya gari, zimekaa mbili sambamba. Maana yake nini? Maana yake mwenye nyumba yumo. Mrisho akasimama kando ya mlango kama alivyolelewa. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi, wenyewe." Kimya! Ndara zipo, sauti haipo. Mrisho akaiweka ile sahani pale chini, akarudi. Akajisemea, amenikataa. Anajua ni mimi, amenikataa.

Mwaka wa nne alipata mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake, Kondo. Akaona, hii ndiyo sababu, hakuna mzee anayelikataa jina lake. Akaenda tena. Ndara zile pale. Hodi tatu, kimya, akarudi. Mwaka wa tano akasikia wapita njia wakisema mzee alikuwa na homa, ameinuka. Akaenda mbio. Ndara pale. Hodi tatu. Kutoka ndani alisikia kabisa mtu anakohoa! Yumo, mzima, anakohoa, na hamwitikii. Safari ile Mrisho alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Sirudi tena. Mtu hapigi hodi kwenye nyumba iliyomfuta." Mkewe akamwambia, "Si ungeingia tu, ni kwenu pale." Akamjibu, "Mimi sikulelewa kuingia nyumba ya mtu bila kuitikiwa."

Mnamwona? Mlango wa mwamba aliuvunja bila hodi. Mlango wa baba yake anaustahi mpaka anaukimbia. Hivyo ndivyo tulivyo, adabu tunaikumbuka pale inapotusaidia kutofanya lililo gumu.

Mwaka wa sita akaja mgeni kilimani. Dada mmoja kutoka makumbusho ya mjini, ana kofia pana, ana vibrashi kama miswaki ya watoto. Akazunguka kilima kizima siku tatu, siku ya nne akafika Pasipoitika, penye yale mawe yaliyovunjwa. Mafundi wakamwona anapiga magoti, anageuza kipande hiki, anageuza kile, na machozi yanamtoka. Wakamwita Mrisho.

"Nani aliyevunja hapa?" akauliza yule dada.

Watu wote wakatazama chini. Mrisho akasema, "Mimi."

"Unajua umevunja nini, kaka?"

"Mawe."

"Subiri jua liiname," akasema.

Wakangoja. Ilipofika alasiri kama hivi sasa, jua likapita ubavuni mwa jiwe badala ya juu yake, yule dada akamwagia maji bamba moja lililosalia, ukubwa wa sinia, akalipangusa. Likatokea umbo. Kama unyoya mkubwa wa kuku, na ubavuni mwake vinyoya vingine, na ubavuni mwa hivyo vingine vidogo zaidi, vyema, vimepangika kama mtu amevisuka. Na mwingine pembeni. Na mwingine. Maumbo yote yamelala upande mmoja, kana kwamba kuna maji yameyapitia.

Mrisho akauliza, "Ni majani?"

"Si majani. Hivi ni visukuku. Ni viumbe waliokuwa hai wakageuka jiwe. Hapa unaposimama palikuwa sakafu ya bahari."

Mafundi wakacheka. Bahari! Hapa ambapo dumu la maji tunagombania?

"Bahari," yule dada akasema, "tena kina kirefu mno, mwanga wa jua haufiki. Hawa ni katika viumbe wakubwa wa mwanzo kabisa ambao tumepata kuwaona. Kabla ya samaki. Kabla ya chochote chenye mguu au jicho. Walisimama kwenye tope, gizani, kila mmoja mahali pake. Siku moja mlima wa moto ukalipuka mbali, jivu likashuka majini polepole, likawafunika vilevile walivyosimama. Hilo jivu ndilo lililowaua, na hilohilo ndilo lililowatunza."

Wataalamu wanasema hayo yana miaka zaidi ya milioni mia tano. Msinitolee macho, mimi sikuwapo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Anaumba gizani chini ya bahari kiumbe asiyeonwa na jicho lolote, na anampamba manyoya yale! Sisi tukifagia uwani tunataka tusifiwe.

Mrisho akauliza swali moja tu. "Kwa nini mwamba wa hapa ukigongwa haulii? Kwingine kote kunalia."

"Kwa sababu ya jivu," yule dada akamjibu. "Tabaka la jivu ni laini, linameza sauti. Huko kwingine hakuna jivu, ndiyo maana kunalia, na huko hakuna kitu. Walipo hawa ndipo palipo kimya."

Ndugu zangu, mtu yule alikaa chini. Vizazi vingapi vimegonga hapa, vikasema hodi wenyewe, na wenyewe wamo, wamejaa tele, chini ya mpini wa nyundo! Na yeye alisimama mahali hapahapa akapiga kelele, humo hamna mtu.

Akamwambia yule dada, "Niazime hili bamba."

"Kaka, hii ni mali ya taifa."

"Nampelekea baba yangu akalione. Nakurudishia mwenyewe kabla ya magharibi, na mke wangu na watoto wangu hawa hapa, ukitaka wakae rehani watakaa."

Yule dada akamtazama. Sijui aliona nini usoni mwake. Akalifunga bamba kwenye gunia, akampa.

Mrisho akashuka na lile bamba begani, kilima chote, mpaka mlangoni kwa baba yake. Ndara zile pale, sambamba, zimechakaa zaidi. Mlango umerudishwa. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi, wenyewe." Kimya kilekile cha miaka sita. Na mtu yule, baada ya yote aliyoyaona, baada ya kufundishwa na jiwe, alifanya nini? Aligeuka aondoke! Mazoea yana taabu, jamani. Akageuka, machozi yamemjaa, haoni anapokanyaga, mguu ukajikwaa kwenye ndara za mzee, na bamba likamponyoka begani. Likatua kizingitini kwa ubavu: tuu!

Sasa ingieni ndani pamoja nami. Mzee Kondo amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza mlango wa uani, miguu mitupu juu ya sakafu ya mawe aliyoitandika kwa mikono yake, anamenya muhogo. Hasikii chochote. Si leo tu. Sikio la kulia lilishakwenda zamani, na la kushoto likalifuata mwaka uleule aliposhuka kilimani. Nyundo za miaka hamsini zilikuwa zimemaliza kazi yao. Hodi, radi, adhana, kwake vyote ni kitu kimoja. Lakini lile tuu likapita chini ya sakafu likampanda nyayoni. Na nyayo za mpasua mawe zinajua jiwe likitua.

Akainuka, akaja, akavuta mlango. Mlango haukuwa na komeo. Haukupata kuwa na komeo. Akamwona mwanawe amepiga magoti juu ya gunia.

Mzee akashika mwimo wa mlango. Akasema, "Miaka sita, Mrisho. Miaka sita niko hapa, mlango sijaufunga hata siku moja. Hata hodi? Hata hodi moja, mwanangu?"

"Nilipiga tisa, baba," Mrisho akasema. "Na tatu za leo."

"Eeh?" Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Hapo akatokea jirani, Bi Mwanaidi, kapitia uani na bakuli la mchuzi kama afanyavyo kila siku. Akamwona Mrisho, akaelewa, akashika kiuno. "Wewe ulikuwa unampigia hodi huyu? Huyu hasikii, ni mwaka wa sita huu! Mimi naingia tu, namgusa bega. Tulidhani unajua, tukadhani umemsusa. Hata ile sahani ya tambi ya Idi tulidhani ni ya majirani. Si hutaki kutajiwa?"

Mrisho akamshika baba yake mikono yote miwili. Akafungua kinywa, na yale maneno mawili yaliyokaa miaka sita yakatoka. "Nisamehe, baba!" Mzee akamtazama mdomo. Akapaza zaidi, "Nisamehe, baba!" Akapiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama, "Baba, nisamehe!" Mtaa mzima ulisikia. Waliokuwa kisimani walisikia. Waliokuwa kilimani, wakasema baadaye, walisikia. Asiyesikia alikuwa mmoja tu, yule aliyekusudiwa.

Mzee alimpapasa kichwa, akatabasamu, akamwambia, "Kaa kwanza. Umekula?"

Wakafungua gunia. Bamba lilikuwa zima, isipokuwa pembe moja. Mzee akalipeleka kwenye mwanga wa mlango, akalipitisha kidole polepole, unyoya baada ya unyoya, kama mtu anayesoma. Kisha akacheka, kicheko cha zamani, kile cha kilimani.

"Kumbe ndio hawa wenyewe," akasema. "Na mimi maisha yangu yote nikidhani wamekataa kuniitika. Hebu watazame, Mrisho. Hata mdomo hawana. Wangeitikaje?"

Mrisho alilia kilio ambacho sina haja ya kuwasimulia.

Sasa mtaniuliza, shehe, mzee alimsamehe? Alimsamehe siku nyingi! Alimsamehe labda kabla vumbi halijamtoka usoni. Msamaha haukuwa umekosekana. Kilichokosekana ni mwana kusema na baba kusikia, na hicho kilikuwa na muda wake, na muda ulipita mwaka ule wa kwanza, Mrisho akiwa upande wa pili wa kilima. Na hata ile Idi ya mwaka wa pili, masikio yameshakwenda, Mrisho angeusukuma mlango, angezunguka uani, angemuuliza Bi Mwanaidi neno moja tu, "Mzee ana nini?", na miaka minne ingeokoka. Nani kati yetu hajui kuuliza? Tunajua kuuliza bei ya mchele ya wilaya nzima!

Sisemi adabu ya hodi tatu ni mbaya, asije mtu akatoka hapa akaingia nyumba ya jirani akasema shehe kanituma. Hodi tatu ni haki ya mwenye nyumba. Lakini ulipofundishwa urudi, ulifundishwa usirudi tena kesho? Ulifundishwa ukatangaze umekataliwa? Hapana, hilo tumejifundisha wenyewe. Tunapenda kukataliwa sisi, maana aliyekataliwa hana tena kazi ya kufanya. Unapiga simu mara tatu, haikupokelewa, unasema kaka yangu ana kiburi. Kumbe simu iliuzwa kununua dawa. Unamsalimu mtu njiani hakuitika, umemweka kwenye orodha. Kumbe ana msiba shingoni mpaka sauti haipiti. Jivu limemwangukia mtu, limemfunika vilevile alivyosimama, na wewe uko juu yake na mpini wa nyundo unasema humu hamna mtu.

Na wewe mama huko nyuma, unayeinamisha kichwa, hujasema na binti yako, ni mwaka wa ngapi huu? Na wewe baba, sikutaji, kohoa upendavyo. Yule aliyenyamaza, una hakika alikusikia? Ulithibitisha kwa kitu gani, kwa ndara zake?

Mtu unayemdai maneno mawili, au anayekudai, leo ana masikio. Kesho mimi sina dhamana nayo. Tutakuja kusimama juu ya kaburi lake tukimwombea kwa sauti nzuri, mtaa mzima unasikia.

Nilitaka tufunge kwa dua ndefu, lakini naona bora dua hiyo muitembee kwa miguu. Wengine ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa. Wengine ni nauli ya basi. Vaeni viatu, nendeni sasa hivi, na asiyeitika, mguseni bega.